Beji Iliyolala Stoo

Barua ilifika kambini Jumanne asubuhi, na Haidari, msimamizi wa kambi ya barabara, aliisoma mara mbili kabla ya kumpa mwenyewe. Ilisema kwamba beji ya Dorika, ile anayovaa fundi ili kupima mionzi inayompata kazini, imeonyesha kuwa ndani ya miezi mitatu amepata zaidi ya kinachoruhusiwa kwa mwaka mzima. Asiguse mashine. Mkaguzi yuko njiani.

Dorika alikaa juu ya ndoo ya sampuli za udongo. Kazi aliipenda, tena mno, lakini siyo iliyomtoa jasho. Alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, na waliojua ni wawili tu: yeye na mumewe Shukuru, mwenye duka Mpanda mjini. Kambini hakumwambia mtu. Alijua wangemwondoa kwenye mashine siku hiyohiyo.

Alimpigia Shukuru, akamsomea barua yote. Shukuru alisema, "Tumwombe Mungu, mke wangu." Dorika alisikia wateja wakimwita, naye haitiki.

Mashine yenyewe ni ya kupimia barabara. Unaiweka juu ya udongo ulioshindiliwa, unashusha fimbo yenye punje ya mionzi, nayo inakuambia kama udongo umeshikana au mmepoteza mafuta ya greda bure. Kambini waliiita densiti, na wanaume wazima waliiogopa kuliko chatu. Dorika hakuiogopa, aliiheshimu. Akishaiwasha alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka imalize kuhesabu. Ikimaliza, fimbo ndani, mashine kwenye boksi lake la manjano, boksi stoo, kufuli mbili. Sasa hiyo mionzi imempitia wapi? Siku mbili alijiuliza hilo, mkono tumboni, akijitukana kwa kila kosa aliloweza kulikumbuka na mengine ambayo hakuyafanya.

Mkaguzi alifika Alhamisi, mama mfupi mwenye buti kubwa, Injinia Dina. Chai aliikataa. Alimpa Dorika ndoo tupu, akamwambia aifanye ndiyo mashine na afanye kazi yake kama kila siku. Basi Dorika akaibeba ndoo, akaitua barabarani, akarudi nyuma hatua zake, akaingoja ndoo ihesabu. Madereva walicheka mpaka wakajishika mbavu.

"Nyie chekeni," Dina aliwaambia. "Huyu anajua kazi. Hakai nayo muda mrefu, anakaa mbali nayo, na haiachi nje ya kinga yake. Mngekuwa wote hivi ningekuwa nalala nyumbani kwangu." Akamgeukia Dorika. "Haya, mama. Ukimaliza kazi, beji yako inakaa wapi?"

"Inalala na mashine," Dorika alijibu, na hata kwenye hofu ile sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. "Naitundika kwenye mpini wa boksi, nafunga stoo. Haijawahi kupotea hata siku moja."

Dina aliacha kuandika.

Lazima tumwelewe Dorika. Alizaliwa Ugalla, kwa mrina asali, na nyumbani kwao nguo za kurinia na bomba la moshi havikuvuka kizingiti. Vilibaki kwenye kibanda cha mizinga, nyuki wasije wakafuata harufu mpaka kwa watoto. Siku alipokabidhiwa beji aliambiwa asiipoteze na asiende nayo nyumbani. Angeiweka wapi pengine?

"Mama wee," Dina alisema, akikaa chini kwenye ngazi ya stoo. "Beji haijui kama imevaliwa au imetundikwa. Wewe umekwenda kulala, yenyewe imekesha pale imekumbatia boksi, miezi mitatu!"

Alichukua funguo kwa Haidari, akaingia stoo na kipima mionzi chake, akapima pale kwenye mpini, akazidisha kwa saa zote hizo. Jibu lilikaribiana kabisa na lile la barua. Kisha akapima pale Dorika anaposimama akifanya kazi, na sindano ikanyanyuka kidogo tu.

"Hiyo ya kwenye barua ni ya mpini, siyo yako. Wewe hujafika hata robo ya kiwango. Nitaandika hivyo. Na beji ianze kulala ofisini, mbali na stoo."

Dorika alilia mbele za watu bila aibu. Haidari, ambaye machozi ya wanawake humchanganya, alimpa taulo yake yenye vumbi. Dina akatoa funguo za stoo na kumwekea Dorika kiganjani. "Kazi iendelee."

Funguo zilikuwa zake tena. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kuzitia mfukoni na kufanya kazi miezi miwili mingine chini ya koti pana la kambi. Alilifikiria hilo, na alilitaka kweli. Akawaza lile duka, na Shukuru asiyeitika.

"Injinia, nina mimba," alisema. "Wiki kumi na moja."

Akamkabidhi Haidari funguo, naye akazipokea kwa ncha za vidole.

Dina hakugomba. Alifungua ukurasa mpya. "Utakuwa maabara, kwenye chekeche na oveni, mpaka ujifungue. Kiwango chako hakimhusu huyo wa tumboni, chake ni kidogo mno."

"Lakini umesema niko salama."

"Upo salama, na yeye yupo salama. Ila wewe ulisaini mkataba na barabara hii, mama. Yeye hajasaini na mtu."

Dorika alicheka, akajifuta uso kwa taulo ya Haidari, na kuupaka vumbi wote.