Jiwe Chini ya Magodoro

Mthabisi alikuwa mwongo wa kawaida tu, wa kusema niko njiani na bado anaoga. Lakini siku ile, juu ya milima ya Soutpansberg, alidanganya kilo mia tano nzima.

Tela yake haikuwa na breki. Sheria ya Afrika Kusini haina mchezo hapo: tela isiyo na breki zake isizidi kilo mia saba na hamsini, mzigo ukiwemo. Juu yalionekana magodoro yaliyofunikwa nusu kwa turubai. Chini yake lililala jiwe la kaburi la baba mkwe wake na vibamba vyake vyote vya kufunikia kaburi, kilo mia tano zaidi ya kikomo. Kesho asubuhi, kule Gwanda, ng'ambo ya mpaka, ukoo mzima ungekusanyika kaburini kulifunua. Ng'ombe alishachinjwa. Mama mkwe wake, MaNdlovu, aliisubiri siku hiyo miaka sita.

MaNdlovu alikuwa ameketi garini, ubavuni pa Mthabisi. Kwa mila yao mtu na mama mkwe hawatazamani usoni, basi tangu Johannesburg walikuwa wanazungumza na kioo cha mbele.

Trafiki aliyewasimamisha, bwana mmoja mnene aitwaye Netshivhale, akaizunguka tela.

"Breki ziko wapi, kaka?"

"Haihitaji, afande. Magodoro tu haya."

"Magodoro ndiyo yamekalisha matairi hivi?"

"Upepo umepungua, mkubwa. Barabara zenyewe si unazijua."

"Mbele huko ni mteremko mpaka kwenye mahandaki ya barabara. Tela ikikuzidi nguvu, utaipeleka wapi?"

Akashika pembe ya turubai. Nyuma yao malori yakaanza kupiga honi, foleni imefika kwenye kona. Netshivhale akatazama foleni, akaachia turubai.

"Haya, nenda. Polepole."

Mthabisi akashusha pumzi, akatia gia.

"Afande, mwanangu," MaNdlovu akaita kupitia dirishani. "Kuna jiwe humo. La kaburi la mume wangu."

Magodoro yalishushwa moja moja. Netshivhale akaliona jiwe, akatikisa kichwa. Haliondoki hapa, akasema, mpaka ije tela yenye breki. Na ilikuwa Ijumaa jioni. Tela ya namna hiyo isingepatikana kabla ya Jumatatu.

Mthabisi alikasirika mpaka machozi yakamlenga. "Miaka sita, mama. Alishaturuhusu. Kwa nini?"

MaNdlovu akageuka, akamtazama usoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu amwoze binti yake.

"Kwenye ule mteremko wa mchana jiwe lilitusukuma. Ulikanyaga breki kwa miguu yote miwili, jasho linakutiririka, ukaniambia ni upepo. Nikanyamaza, nikasema moyoni nisimwaibishe mkwe." Akafungua mlango. "Mume wangu hana haraka tena. Binti yangu ana mume mmoja tu, na bado yuko hai. Shuka, tulishushe."

Mthabisi akashuka. Fundo la kamba iliyofunga jiwe likamshinda, na MaNdlovu ndiye aliyelifungua.