Samahani kwa Mkono wa Kushoto

Watu wa Chanika, pale Handeni, walidhani Mathias kafungua kesi ile kwa tamaa. Wangejua! Kila jioni alisonga ugali wa watu wawili, akala nusu, nusu akaisukuma upande wa pili wa meza, halafu akaona aibu. Mkewe, Fausta, alikuwa amefariki. Kilichobaki chake, ukiacha kanga na masufuria, kilikuwa ndani ya simu.

Fausta aliuza maharage gulioni Korogwe. Katika usichana wake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na huko mashine ya kuchakata ikamla mkono wa kulia. Tangu hapo kila mteja alipewa mzigo kwa kushoto, na kwa kuwa kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumkosea adabu, alitanguliza maneno yaleyale: "Samahani kwa mkono wa kushoto." Wateja wa miaka nenda rudi walimwambia, mama, acha hizo, tumeshakuzoea. Hakuacha.

Mathias alikuwa fundi simu aliyejifunza kuandika programu kwa kuungaunga. Alipomtengenezea mkewe programu ya kuagizia mazao, aliipanga kwa kufuata kidole gumba chake kimoja. Vitufe vyote vilikaa chini kushoto, vimejipinda pale gumba linapofika: maharage, mahindi, machungwa. Na ukiifungua tu, kabla ya lolote, iliandika: Samahani kwa mkono wa kushoto. Fausta alicheka mpaka akakaa chini.

Wakulima wachache wa Mashewa waliitumia. Halafu, Fausta akiwa kaburini, kampuni moja ya Dar ikaleta ya kwake, yenye magari na matangazo, na wale wachache wakahamia huko. Mathias aliiona kwenye simu ya muuza soda pale Mkumbara. Vitufe vilevile, rangi zilezile, hata samahani ileile. Alijisikia kama aliyekuta gauni la marehemu limevaliwa na mtu asiyemjua. Alichukia, tena alichukia kweli.

"Mzee Mathias, kuuza maharage kwa simu ni ruksa kwa yeyote," wakili Mwinjuma alimweleza. "Sheria hailindi wazo. Tunachogombea ni sura ya programu. Tuthibitishe tu kwamba ni yako, na wao waliibeba."

Kabla kesi haijasikilizwa, kampuni iliomba suluhu. Wangemlipa, waandike jina la Fausta ukurasa wa mbele, sura ibaki.

"Wavue gauni la mke wangu," alisema Mathias.

"Fikiri vizuri, mzee wangu."

"Nimesema wavue."

Mahakamani Mwinjuma alimgeukia kijana aliyeichora ile ya kampuni, aliyekuwa amevaa tai mpya. "Programu yenu inaomba radhi. Kwa kosa gani?"

Kijana akasema ni ukarimu tu kwa wateja.

"Mkono wa kushoto wa nani?"

Kijana akakiri kwamba hajui. Waliibeba na samahani yenyewe, wala hawakujua wanamwomba nani radhi! Ndipo Mathias akasimama, akaeleza habari za ule mkono mbele ya watu asiowajua. Hukumu ilipotoka, ushindi ulikuwa wake. Kampuni iliamriwa kuiondoa sura ile kwenye simu zote.

Alirudi Handeni, akafungua mlango. "Tumeshinda," aliiambia nyumba tupu. Kisha akaenda kuwasha jiko.

Ilimchukua muda kupata moyo wa kwenda tena Korogwe. Pale alipokuwa akikaa Fausta alimkuta binti aitwaye Shamimu, anahangaika na simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie maharage."

"Subiri kidogo, hii programu mpya inanitesa. Ile ya zamani ilikuwa na adabu, inakuomba radhi kwanza. Na sisi tukaizoea. Ukimpa mteja kitu kwa kushoto unasema kama simu. Soko zima hili tuliishika kwa kushoto." Akasonya. "Sijui mwenye roho mbaya gani kaifuta."

Mathias alipigwa na butwaa. Kumbe muda wote aliokuwa akienda mahakamani, gumba la Fausta lilikuwa hapa, kwenye mikono ya watu, likiuza maharage. Sasa lilibaki kwenye simu moja tu, mfukoni mwake.

"Ni mimi, mwanangu," alisema.

Shamimu alicheka, akidhani mzee anatania, akamkabidhi mfuko na kumgeukia mteja mwingine. Mathias alibaki amesimama na maharage yake, akiwatazama wauzaji, mmoja baada ya mwingine, wakibonyeza kwa mkono wa kulia.