Kadi Katika Kitabu cha Risper

Selpher alifika kwa Bravin saa tatu asubuhi, siku ya pili ya likizo ya Agosti, akiwa na kikapu mkononi na uongo mmoja aliouandaa njiani. Bravin huuza vitabu vya mtumba karibu na stendi ya Kakamega, juu ya turubai la buluu, na wateja wake karibu wote ni wazazi wanaotafuta vitabu vya shule. Ni Selpher na pacha wake Risper tu waliokuwa wakija kumsumbua kila mwaka kwa vitabu vya likizo.

"Mwenzako ako wapi?" Bravin akauliza hata kabla ya salamu.

"Hakuja leo."

Uongo wenyewe ndio huo. Risper alifariki mwezi wa Machi, homa ya mapafu, siku tisa tu hospitalini, akazikwa kwao Khwisero nyuma ya nyumba, kando ya ua, wanakozikwa mabinti wasioolewa. Kwa miaka thelathini na tisa wawili hao walilala chumba kimoja, kwanza kwa mama yao, kisha katika nyumba ya kupanga ya Amalemba. Tangu matanga Selpher hakuwa amesoma kitabu hata kimoja. Kila akifungua, macho yanapita juu ya maneno na hakuna kinachoingia.

Sheria yao ilikuwa hii. Kila Agosti walikwenda kwa mama kwa muda wa juma moja, kila mtu na vitabu vinne, na hakuna aliyejichagulia. Risper alimchagulia Selpher, Selpher akamchagulia Risper. Vinne hivyo visifanane hata kidogo: kimoja cha kuchekesha, kimoja cha kutisha, kimoja cha maisha ya mtu aliyeishi kweli, na cha nne kile ambacho mwenzako hangekitaka hata akipewa bure. Kukataa ni marufuku. Mwaka uliopita Risper alimletea mwongozo wa ufugaji wa nyuki, na Selpher, mwalimu wa hesabu anayekimbia hata nzi, akausoma mpaka mwisho huku akilaani.

Vya Risper alivipata upesi, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea. Alichukua vitatu tu. Cha nne alikuwa nacho tayari kwenye begi, ile riwaya nene ya kutisha ambayo Risper alikuwa akiisoma hospitalini. Ndani yake mlikuwa bado na kadi ya kliniki, ukurasa wa mia na kumi na mbili, ikimtaka mgonjwa arudi tarehe kumi Aprili.

Vyake mwenyewe ndivyo vilivyomtoa jasho. Alisimama juu ya turubai saa nzima akijaribu kuwaza kwa kichwa cha Risper. Mwishowe aliokota kitabu cha vichekesho vya wachungaji, cha majini, cha maisha ya bondia fulani wa zamani, na kijitabu kilichochakaa cha kurekebisha redio. Hicho cha redio kilimfanya ageuke nyuma ghafla, maana alihisi kabisa kwamba kuna mtu amecheka.

"Wewe vitabu nne, yeye tatu?" Bravin akamtania. "Amekukosea nini?"

Selpher alitia vyote saba kikapuni, akamlipa, akaondoka.

Mama yao, Nekoye, alimpokea bila maswali. Ni mwanamke asiyewahi kukaa darasani hata siku moja, na kwa mapacha alishika desturi ya kwao kwa meno. Pacha hapewi kitu peke yake. Mmoja akipewa gauni, apewe na wa pili. Akichapwa mmoja, wa pili naye aguswe kidogo na fimbo. Hata neno kufa halitumiki kwa pacha. Husemwa ameruka, na huwezi kujua aliyeruka atatua wapi. Kwa hiyo Selpher alipopanga vitabu vyake juu ya kitanda chake, na vile vingine juu ya kitanda cha Risper, riwaya ya hospitalini ikiwa juu kabisa, mama alisimama mlangoni akavitazama.

Jumamosi mchana Selpher alitoka shambani kuchuma kunde, akaingia chumbani kuvua viatu vyake vya gambuti. Riwaya ilikuwa palepale, lakini kadi ilikuwa imerudi nyuma. Akafungua. Ukurasa wa mia na nne.

Akajiambia alikosea kuona. Jumapili, baada ya kanisa, kadi ilikuwa ukurasa wa tisini na sita. Jumatatu, themanini na nane.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angemwita mchungaji. Selpher alikaa kwenye ukingo wa kitanda akafurahi. Nasema alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa. Maana alijua vizuri tabia ya Risper. Risper alikuwa msomaji wa mbio, na kila alipomwacha dada yake nyuma, alikuwa akirudi kurasa kadhaa na kuzisoma upya, ili wamalize pamoja. "Nakungoja, kobe wewe," ndivyo alivyokuwa akisema. Sasa alikuwa akirudi nyuma. Alikuwa anangoja.

Basi Selpher akaanza kukimbia. Maneno yaliyogoma tangu Machi yalianza kuingia, na kwa pupa. Alimaliza wachungaji siku hiyohiyo ya Jumatatu, majini Jumanne, bondia Jumatano. Mama alimsongea obusuma, ugali wa kwao, akamchinjia kuku, ingokho wa kienyeji, akaketi kumtazama. Selpher alimega tonge moja akarudi chumbani. Gauni lilimning'inia mabegani. Hakujiuliza atafika wapi atakapomaliza kitabu cha nne, na kama angeulizwa angesema kweli: popote aliko Risper, hata yeye yuko tayari. Jumatano jioni kadi ilikuwa ukurasa wa sabini na mbili. Mwalimu mzima wa hesabu, na hakushangaa ni msomaji gani huyu asiyezidisha wala kupunguza kurasa nane kwa siku.

Alhamisi mama alimtuma kusagisha mahindi. Alibeba kijitabu cha redio kwapani, kilichobakisha sura mbili. Kufika sokoni akakuta stima zimepotea na mashine imelala, akarudi na debe lake kichwani, mapema kuliko alivyotarajiwa.

Pazia la chumba lilikuwa limesogezwa. Juu ya kitanda cha Risper aliketi mama, miguu haifiki chini vizuri, riwaya mapajani. Alilamba kidole gumba. Akahesabu karatasi kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne, akachomoa kadi akaitia nyuma ya hizo nne, akafunga kitabu akakipigapiga mgongoni taratibu.

Debe lilimponyoka Selpher. Mahindi yakamwagika mpaka uvunguni.

"Mama! Ni wewe?"

Nekoye hakuruka wala hakuficha kitabu. "Ni mimi."

"Mimi nilidhani..." Selpher akaanza. Kilichompanda kifuani kilikuwa hasira, hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. "Kwa nini umenichezea hivyo? Nilidhani ananingoja!"

"Hata mimi nilijua anakungoja," mama akasema. "Ndiyo maana nilikuwa namrudisha."

Selpher akamkodolea macho.

"Mimi sijui kusoma, lakini nimewaona na hizi vitabu miaka mingi. Najua mwisho uko upande gani. Mlikuwa mnasomanga hapa, mmoja huku mmoja kule, mkimaliza mnafunga mara moja, mnabeba mabegi, mnaenda. Kila mwaka nilikuwa natazama karatasi zikipungua, roho inaniuma. Sasa umekuja na chake ukakiweka hapo kitandani. Nikasema, huyu akimaliza na huyu akimaliza, wataenda pamoja tena. Haukuli. Haulali. Unakimbia tu." Akakibana kitabu mapajani. "Nilizaa wawili siku moja, Selpher. Sitaki kuzika wawili mwaka mmoja."

Selpher alipiga magoti katikati ya mahindi akalia, kilio kile ambacho hata siku ya mazishi hakikutoka. Mama alimwacha alie mpaka akachoka. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia:

"Alikuwa amefikisha wapi?"

"Mia na kumi na mbili."

"Basi mrudishe mahali pake. Mimi nimemsumbua."

Selpher aliirudisha kadi. Wakaokota mahindi punje kwa punje, na mchana huo alikula sahani nzima, mama akihesabu matonge bila kujificha. Walipokwisha nawa mikono, Nekoye alivuta kigoda karibu na kitanda akasema anataka kujua hicho kitabu kinasema nini, maana amekishika juma zima kama mtu anayelea mtoto asiyemjua.

Ndipo Selpher akaanza kumsomea, kutoka pale Risper alipoachia. Ilimbidi kwanza amsimulie kurasa zile mia na kumi na mbili, na mama alikatiza kila mara kuwagombeza watu wa kitabuni kwa ujinga wao wa kuingia nyumba wanayojua ina mashetani. Walisoma Alhamisi hiyo, na Ijumaa, na Jumamosi. Kijitabu cha redio kilibaki chini ya mto na sura zake mbili.

Jumapili asubuhi, begi likiwa tayari mlangoni, walifika karatasi ya mwisho. Selpher alinyoosha kidole aigeuze. Mkono wa mama ukatua juu ya ukurasa, mgumu na wa moto.

"Hapo paache."

"Mama, umebaki ukurasa mmoja tu."

"Si naona. Hiyo utanisomea Desemba."

Mama alichukua kadi mwenyewe akaitia mahali pale, akafunga kitabu. Kisha akamsindikiza bintiye mpaka barabarani. Walipita nyuma ya nyumba, kando ya ua, wakasimama pale udongo ulipokuwa bado haujaota nyasi vizuri. Selpher alisema anakwenda, na kwamba mara hii anakwenda peke yake. Hakuna kilichojibu, na kwa kweli alikuwa ametega sikio.

Kufika barabarani ndipo alipoona kwamba mama bado ameibana riwaya kwapani, mkono mwingine umeishikilia kwa juu.

"Mbona umebeba kitabu mpaka huku, Mama? Si ungekiacha kitandani?"

Nekoye alitazama nyuma, upande wa nyumba, kisha akakibana zaidi.

"Nikikiacha huko ndani peke yake," akasema, "atakimaliza."

Selpher hakucheka. Alimsaidia kukifunga vizuri kwenye leso.