Sauti ya Kuazima

Baba alipiga magoti kwenye mtaro wa viazi, jembe likaanguka kando, akanitazama mdomo. Si macho, mdomo. "Rudia," akasema. "Rudia vile umesema."

Nilijua papo hapo kwamba nimempata, na kwamba nimefanya jambo baya. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na fomu mfukoni.

Ilikuwa fomu ya kuchagua masomo ya sekondari ya juu. Madam Tabby, mwalimu wetu wa gredi ya tisa pale Endarasha, hakuwa na mchezo: hakuna ambaye angeingizwa kwenye kompyuta bila sahihi ya mzazi, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeandika Uigizaji na Filamu. Baba aliisoma Jumatatu, akaisukuma mezani kwa kidole kimoja.

"Sayansi unapita vizuri, halafu unataka kwenda kurukaruka mbele ya watu? Utakuwa nesi. Ati drama! Drama tuko nayo ya kutosha hapa nyumbani."

Mama, ambaye hucheka kabla ya kufikiri, alicheka. Baba hakucheka. Jumanne nikalia. Jumatano nikasusia chakula, nikaonja kidogo, nikamaliza sahani. Ikabaki Alhamisi, siku ya kuchimba viazi.

Inafaa nieleze jambo moja. Mimi ni binti wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake Baba, Wakonyo. Kwetu jina la namna hiyo halikai tu kwenye cheti. Baba hajawahi kuniita Wakonyo. Huniita Mami, na hata akinigombeza huanza na Mami. Cucu, yaani bibi yangu huyo, aliniita wajina wake, na tangu nikiwa mdogo niliweza kumwiga: ile sauti ya kukwaruza, ule mwendo wa polepole, kile kikohozi kidogo kabla ya kusema neno zito. Majirani walikuwa wakiniomba niwafanyie. Cucu alicheka mpaka akashika ukuta.

Alifariki Februari ya mwaka huohuo, katika hospitali moja ya Nyeri. Daktari alikuwa amesema ataruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku mbili, basi Baba akaondoka alfajiri kupeleka viazi Karatina, nami nikaachwa kando ya kitanda. Aliporudi saa kumi akiwa na machungwa, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Hakuniuliza kitu, nami sikusema.

Kilichotokea ni kwamba Cucu alimtaka mwanawe. "Mutahi amefika?" aliuliza asubuhi nzima. Nilimwambia yuko getini, anaegesha gari, anapanda ngazi. Kufikia saa sita akawa haulizi tena. Aligeukia ukutani, na sikuuona uso wake tena akiwa hai.

Basi Alhamisi ile, katikati ya shamba, nilimwomba Baba mara ya mwisho, naye akakataa bila kuinua kichwa. Nikakohoa kidogo. Kisha nikasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya Cucu: "Mutahi, mwanangu, mwachilie huyu mtoto." Jembe lilipoanguka nikaongeza kwa sauti yangu, "Aliniambia nikwambie. Siku ile hospitalini."

Hakuwa ameniambia chochote.

Nilirudia kama alivyotaka. Baba alilia huku akijifuta kwa mikono yenye udongo, mpaka uso wote ukawa mweusi. Alitia sahihi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kesho yake Madam Tabby akaipuliza karatasi ile vumbi, akaingiza jina langu, nami, nisidanganye, nilifurahi. Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani nikiimba.

Furaha hiyo haikunifikisha Januari. Niko bweni sasa, Nyeri mjini, na somo lenyewe nalipenda kuliko nilivyotarajia. Lakini nikipewa nafasi ya mwanamke mzee husema siwezi, na mwalimu wangu hushangaa, kwa sababu mengine yote naweza. Muhula mzima nilijiandaa kumwambia Baba ukweli siku ya wazazi. Niliandika maneno, nikayakariri, nikayasema bafuni.

Siku ikafika. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Tukakaa kwenye nyasi, tukala chapati, naye akangoja mpaka Mama alipoondoka kutafuta choo. Alivua kofia akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda.

"Mami," akasema. "Hiyo siku. Aliniulizia?"

Maneno yangu yote nilikuwa nayo. Nilifungua mdomo niyaseme.

"Niambie tu. Aliniulizia ama hapana?"

"Mara moja," nikasema. "Nikamwambia uko Karatina. Akasema..." Na kile kikohozi kikaja chenyewe, sikukiita. "Mwacheni auze viazi vyake, mvua isimkute njiani."

Baba alifumba macho. Karibu nasi familia nyingine ilikuwa ikipiga picha, mtoto akiambiwa acheke. Nilijichukia, na wakati huohuo niliona mabega yake yakishuka taratibu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sijui mtu afanye nini na mambo mawili kama hayo kwa pamoja.

Mama alipotokea kwa mbali akipunga mkono, Baba alivaa kofia yake na kunisogezea chapati iliyobaki.

"Kula," akasema. "Mkifunga shule nitakuuliza habari zingine za siku hiyo. Leo hiyo imetosha."