Ini la Undugu

Kambi nzima ya mgodi kule Geita ilishakubaliana kwamba Herman anakula watu. Ushahidi wao ulikuwa mwepesi: ni Mmanyema, katoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na meno yake ya mbele yamechongwa yakawa kama ya mamba. Huo ulikuwa mwaka 1951.

Limi, mke wa mchimbaji mwenzake Jilala, aliyasikia hayo tangu siku aliyofika kutoka kijijini kwao Didia, lakini hakuwa mtu wa haraka. Alimtazama tu Herman. Alimwona akila ugali na dagaa peke yake, kila siku, bila kumnung'unikia mtu. Siku jiwe lilipombana Jilala mguu shimoni, wenzake walikimbilia nje. Herman ndiye aliyerudi, akalinyanyua lile jiwe kwa mtaimbo, akambeba mwenzake mgongoni mpaka juani.

Badala ya shukrani, maneno yakazidi.

"Kwa nini arudi peke yake?" aliuliza Maganga, nyapara wao, ambaye pia ni baba mdogo wa Jilala. "Huyo alifuata damu. Jumatatu tunamwambia bwana mgodi: ama yeye, ama sisi."

Limi alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Mtu amemrudishia mume, leo afukuzwe kama mbwa? Jumapili asubuhi akamwita Herman kivulini mwa nyumba, Maganga akiwapo, Jilala naye kakaa mkekani na mguu wake umefungwa vijiti.

"Kaka Herman, ni kweli kwenu mnakula watu?"

Maganga akakohoa. Herman hakukasirika.

"Babu alinisimulia kwamba kijijini kwao, zamani za vita, mashujaa walionja nyama ya adui aliyewasumbua sana, wapate ukali wake. Hakujisifu, wala hakuficha. Mimi sijaiona. Ila wenye misafara ya enzi hizo walituzushia mengi zaidi, ili wapagazi wao waogope kutorokea kwetu." Akatabasamu. "Nilipoaga kuja huku, mama alilia siku mbili. Aliambiwa Geita mgeni ananing'inizwa miguu juu, anakamuliwa damu."

"Sisi?" Maganga aliruka. "Sisi tunakamua ng'ombe, bwana!"

Limi akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akalitoa alilokuwa nalo moyoni.

"Baba, basi Jilala na Herman wachanjiane."

Kuchanjiana kila mtu pale alikujua. Wawili wanachanjwa kifuani, kila mmoja anakula kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake. Ukishameza, ukoo wake ni wako. Ukimsaliti, tumbo linavimba unakufa.

"Nataka," alisema Jilala.

Maganga akakubali upesi mno. Limi alimsoma machoni: anangoja kumwona mla watu akiramba midomo.

Mbuzi akachinjwa, ini likachomwa, Maganga mwenyewe akashika wembe, akawachanja, akapaka vipande damu. Jilala alitupia chake mdomoni, akatafuna, akameza.

"Kinataka chumvi," akasema.

Herman akashika chake. Akakipeleka kinywani, akakishusha. Akakitia tena, kikabaki shavuni. Machozi yakamlengalenga, jasho likamtiririka.

"Tema, kaka," Limi akanong'ona.

Akatikisa kichwa, akafumba macho, akameza. Nusura aanguke. Limi akawaza kwamba hata siku ile ya jiwe mtu huyu hakuwa jasiri hivi.

"Mla watu gani huyu!" jirani yao Mbuke alipiga kelele kutoka jikoni kwake. "Damu tone moja inamshinda!"

Wanawake waliokuwa naye wakaangua kicheko. Maganga hakucheka. Alichota maji kwa kibuyu, akampa Herman kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Usitapike tu, utaniharibia ukoo."

"Asante, baba."

"Na kesho?" Limi akauliza.

"Kesho kuna nini? Kesho mwanangu anaingia zamu ya asubuhi. Mwenye neno naye aje kwangu kwanza."