Kitanda cha Dirishani

Nyumba ile ilikuwa na kitanda kimoja cha maana, kile cha dirishani, na kwa miaka arobaini kililaliwa na mtu mmoja. Huyo ndiye Yai, kitinda mimba. Jina alilipata kwa sababu mama yao hakuchoka kuwaambia watu wamshike taratibu. Pumu, figo, vidonda vya tumbo, vyote vilimpitia kwa zamu na vyote vikamwacha hai. Daktari mmoja alishasema mtoto huyu hatafika miaka kumi. Daktari mwenyewe kazikwa zamani, Mungu amrehemu, tena alikuwa mtu wa mazoezi. Hata baba yao, seremala ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga chafya, alianguka siku moja mlangoni, msumeno mkononi, na hakuinuka.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na nyumbani walimwita Chuma. Chuma hakuugua. Kama aliugua basi hakuna aliyeona, kwa hiyo ni yale yale. Alidamka kabla ya kila mtu, akateka maji, akabandika uji, kisha akaketi kwenye cherehani chumba cha mbele mpaka jua lizame. Na kila alfajiri alimsikia mama yao akiingia kwa Yai na kijiko cha asali. "Umelalaje, mwanangu? Fungua mdomo." Akitoka huko, mama alimuuliza Chuma, "Uji umeiva?"

Tuseme kweli, Chuma alimwonea Yai wivu. Alimwonea wivu kwa kitanda, kwa asali, kwa mkono wa mama kwenye paji la uso, hata kwa kikohozi, maana kikohozi cha Yai kilimwinua mama kitini upesi kuliko moto. Macho ya mama yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, lakini kikohozi kile alikifuata bila kupapasa ukuta. Watu wakimpa pole ya mgonjwa, aliwajibu, "Kuugua si kufa. Hawa wagonjwa ndio wanaotuzika sisi wazima." Chuma alisikia huku anakata kitambaa, akasema moyoni, ndiyo, na wazima ndio wanaopika. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Chuma hata nafasi ya kujinyonga hakuwa nayo, alikuwa na magauni sita ya kumaliza.

Sasa, mwaka huo alibakiwa na kitambaa cha buluu, akaona ajishonee gauni, la kwanza baada ya miaka mitano. Akafungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wake: kiuno, thelathini na sita. Akajizungushia futi kuhakikisha. Thelathini na moja.

Mtu mwingine angeshtuka. Fundi alikasirika. Futi ya kitambaa ikizeeka huvutika, na ikivutika husoma pungufu, hilo kila fundi analijua. Akaisonya futi yake, na tangu siku hiyo kila mteja aliyepimwa aliongezewa inchi nne au tano za fidia.

Wiki ya tatu akaja mwalimu wa shule ya jirani, gauni jipya mkononi. "Fundi, hili umenishonea peke yangu, au niingie na mume wangu?"

"Umepungua, mwalimu."

"Nimepungulia wapi, na milango napita ubavu? Hebu nipime tena."

Akampima kwa futi ile ile. Arobaini na mbili, sawasawa na daftari la mwaka jana. Futi haikuwa na kosa lolote.

Mwalimu alipoondoka, Chuma alikaa na futi mapajani. Alikumbuka jinsi ndoo ilivyomwia nzito miezi hii, na jinsi alivyosimama njiani kutafuta pumzi akisingizia jua. Lakini kitu cha kwanza alichosikia moyoni, na aibu ni yake, hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Leo ni zamu yangu, akawaza.

Jioni akamwendea mama. "Mama, mimi sijisikii vizuri."

Mama akacheka. "Wewe? Wewe ukiugua nani atatuuguza? Hebu mpelekee mwenzio maji."

Akayapeleka. Yai aliyapokea, akayaweka chini bila kunywa, akamshika kidevu. "Inama." Akamvuta kope ya chini kuelekea kwenye taa. "Dada, huna damu. Umeanza lini?"

"Sijaanza chochote."

"Mimi nimeugua miaka arobaini, ndiyo kazi pekee niliyosomea. Usinifundishe. Kesho tunakwenda hospitali, na leo unalala hapa upate hewa."

"Sitaki kitanda chako."

"Unakitaka tangu nizaliwe," Yai akasema. Akachukua mto mmoja, akaenda zake kulala kwenye mkeka wa dada yake kando ya cherehani. Mama alikuwa ameshalala, wala hakujua.

Alfajiri mlango ukasukumwa. Mama akaja moja kwa moja mpaka kitandani. "Umelalaje, mwanangu?"

Chuma angeweza kujitaja. Badala yake akavuta blanketi, akajibu kwa sauti nyembamba ya Yai, "Vizuri, mama."

Mkono ukatua pajini pake. Ulikuwa mkavu, unanukia sabuni. Akafumba macho ili usiondoke.

"Wewe nilishaacha kukuogopea," mama akasema. "Wewe utatuzika wote. Dada yako ndiye ananinyima usingizi. Jana kaniambia hajisikii vizuri, nami nikacheka. Nimecheka kwa woga, mwanangu. Maisha yake yote hajawahi kunitamkia neno hilo. Asiyezoea kuugua hajui kuugua. Akianguka anaanguka mara moja, kama baba yenu."

Chuma akafunua blanketi. "Mama. Ni mimi."

Mkono ukatulia. Kisha ukaanza kushuka polepole, shavuni, kwenye mfupa wa mtulinga, mbavuni, kama fundi anayepima, mpaka ukafika kiunoni. Hapo ukakaa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe," mama akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Basi fungua mdomo."

Akafungua. Asali ilikuwa tamu kama alivyoidhania miaka yote.

Chumba cha mbele Yai akakohoa, mara moja, kisha mfululizo. Mama akainuka nusu, uso umeshageukia mlangoni. Chuma akamshika nguo.

"Mwache akohoe, mama. Leo tu, mwache."

Kikohozi kikaendelea. Mama akakaa.