Filimbi ya Dada Ghati

Dada Ghati alinunua filimbi. Filimbi ya refa hasa, ya chuma, yenye kamba nyeusi, na Jumamosi ile ya mwezi wa nne, mwaka 2021, alipofungua tena baa yake pale Adelphi, huku ughaibuni, aliivaa shingoni kwa madaha kuliko bibi harusi na mkufu wake. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa akiuza mbuzi choma wa kubeba kupitia dirisha la jikoni. Leo watu wanaingia ndani, wanakaa, wanahudumiwa. Lakini kwa masharti.

"Meza moja watu sita!" alitangaza mlangoni, barakoa ikimpanda na kumshuka kwa kelele. "Barakoa haitoki mpaka makalio yaguse kiti. Na hakuna kusimama! Ukisimama napuliza. Ukisimama tena nakutoa. Wakaguzi wa kaunti wakinifungia kwa ajili yako, nahamia sebuleni kwako na majiko yangu."

Watu walipiga makofi kana kwamba wameahidiwa pepo. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita duka la wasusi, ikaishia kwa dobi. Jua lilikuwa bado juu. Kila mtu alivaa kama anayekwenda kutoa mahari, na kila mtu, ukimpa nafasi hata kidogo, alikuwa tayari kukufunulia bega alilochomwa chanjo.

Katikati ya foleni alikuwapo Fredy, fundi wa lifti, Mchaga wa Kibosho, mwenye sauti inayotangulia mwili wake. Suruali yake nzuri, ambayo hakuigusa tangu ugonjwa uingie, ilikubali kufungwa kwa shingo upande, kwa hiyo Fredy alikuwa anapumua kwa tahadhari. Furaha ilimzidi. Alishamsalimia kila mtu kwenye foleni, akamsalimia na mbwa wa mama mmoja aliyekuwa anapita na mambo yake. Lakini chini ya furaha hiyo palikuwa na hofu, na hofu yenyewe aliibeba mfukoni: chaja ya simu, leso, na karanga za kukaanga alizozifunga kwenye foili.

Vilikuwa vitu vya kumwigiza Eliudi.

Eliudi alikuwa Mpare wa Usangi, mhasibu wa serikali, mtu wa nyumba nzuri huko Bowie. Mchaga na Mpare, ulitegemea nini? Walikuwa watani kwa kuzaliwa, halafu wakawa marafiki kwa hiari yao. Kila Jumamosi walikaa hapa kwa Ghati wakatukanana kwa mapenzi mpaka watu wa meza jirani wakahamisha sahani. Fredy alimwita bahili, Eliudi alimwita mwizi. Eliudi alikuwa na kiti chake, kile cha kwenye nguzo, kwa sababu pale palikuwa na soketi, naye hakuona kwa nini achaji simu kwa umeme wa nyumbani kwake wakati umeme wa Ghati upo. Bia alikunywa moja, jioni nzima. Karanga alikuja nazo mwenyewe, kwenye foili, akamgawia kila mtu punje moja huku akisema, "Moja moja, si shamba la baba yako."

"Mchaga," alikuwa akimwambia Fredy, "nikifa usikubali nizikwe kimyakimya. Uje unitanie mpaka mchungaji akasirike."

Fredy aliapa. Kwao, mtani ana kazi yake msibani, na kazi hiyo si kulia. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamgomboe kwa chochote walichonacho. Watu wanacheka huku kamasi zinawatoka, kisha wanapata nguvu ya kufukia. Basi korona ikamchukua Eliudi mwezi wa nne wa mwaka uliotangulia, wakati makaburini wanaruhusiwa watu kumi tu, na Fredy hakuwa miongoni mwa kumi. Alizika kwa Zoom. Alisimama sebuleni kwake, suti juu na bukta chini, akaigiza, akaruka juu ya kochi, akakataa kushuka, akatoa yote aliyokuwa nayo mpaka jasho likamtiririka. Alipomaliza, mpwa wake akamtumia ujumbe: *Anko, ulikuwa mute.*

Hakuna aliyesikia hata neno moja. Fredy aliumia vibaya sana. Tangu siku ile alijiona amemwacha Eliudi njiani, na kwamba rafiki yake bado yuko mahali fulani anasubiri, chaja mkononi, hajazikwa.

Tena hakuwa Eliudi peke yake. Alikuwapo Irene, mjane wake. Irene alikuwa amejifungia Bowie mwaka mzima. Ukimpelekea chakula anakushukuru nyuma ya kioo cha mlango, unakiacha barazani, unaondoka. Fredy alimpigia simu: "Shemeji, Ghati anafungua Jumamosi. Njoo." Irene akajibu, "Nitaona," na kila Mtanzania anajua maana ya "nitaona". Asipokuja, utani hauna mfiwa, unabaki upumbavu mtupu. Akija, na maneno ya Fredy yakamchoma badala ya kumchekesha, basi Fredy atakuwa amempoteza na yeye.

Ndani kulikuwa vurugu tupu, vurugu tamu. Watu walikuwa wamesahau namna ya kusalimiana. Huyu analeta kiwiko, yule analeta ngumi, wa tatu ameshajirusha kukumbatia, kiwiko kinaingia mbavuni. Cheruiyot, Mkenya muuguzi aliyeendesha gari kutoka Herndon, aliingia huku amenyoosha mikono yote miwili.

"Wasee! Aki nimewamiss vibaya!"

Meza nzima ikainuka kumpokea. Filimbi ikalia. Meza nzima ikaketi.

Mara akaingia Mzee Laurean, mkubwa wa Watanzania wote wa upande huu, polepole na mkongojo wake. Baa yote ikasimama kama kanisa. Filimbi ikalia mpaka glasi zikatetemeka.

"Kaeni!"

"Dada Ghati, tumwamkie Mzee tumekaa?" Fredy alilalamika. "Sisi tumelelewa wapi?"

"Mwamkieni mmekaa! Adabu zenu wekeni chini ya kiti!"

Basi shikamoo zikapigwa kutoka vitini, watu wameinamisha vichwa mpaka kwenye kachumbari kwa aibu. Wengine waliinuka nusu, makalio hewani, magoti yanatetemeka, na Ghati akapita nyuma yao akikagua. Mzee Laurean alicheka hadi akatafuta pa kushika, kisha akaitikia marahaba moja kwa wote na kuagiza supu.

Hapo ndipo Fredy alipogeuka kuelekea kwenye nguzo. Ghati alikuwa amefunga nusu ya viti kwa utepe wa njano, alama ya msalaba juu ya kila kimoja, na kiti cha Eliudi nacho kilikuwa na msalaba wake.

"Hata hicho?" Fredy aliuliza. Sauti yake ilikuwa imetangulia, safari hii ikaishiwa njiani.

"Nilikuwa nafunga kimoja, naacha kimoja," Ghati alisema kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake. "Zamu ikakiangukia. Sikuweza kuiba hesabu, Fredy. Na hata ningekiacha wazi, nani angekalia?"

Fredy aliigusa foili mfukoni. Alikuwa karibu kuamua kwamba shemeji haji, kwamba atakula mbuzi wake, atafungua kifungo cha suruali na kurudi nyumbani, mlango ulipofunguka tena.

Irene aliingia. Alikuwa amevaa koti la Eliudi, lile la kahawia, mikono ameikunja mara mbili, na barakoa nyeusi iliyomfunika kuanzia chini ya macho. Baa yote ikasimama. Hakuna aliyepanga, na hakuna aliyekaa. Ghati aliipeleka filimbi mdomoni, akaishikilia pale, akaishusha.

Kwa Fredy, ilikuwa sasa au basi. Akatoa chaja, akaizungusha mkononi, akabana midomo, akalitoa tumbo mbele, akaanza kutembea kuelekea kwenye nguzo kwa mwendo wa mtu anayeokoa soli za viatu.

"Ghati," alisema kwa sauti ya puani, sauti ya Eliudi hasa, "leo umeme upo?"

Hakuna aliyecheka. Fredy akaendelea, kwani atarudi wapi? Akafuta kiti kwa leso, akachomeka chaja, akachukua chupa ya mtu mezani na kuitazama kwenye mwanga, eti anakagua kama imejaa. Cheruiyot alimshika mkono.

"Boss, wacha. Huyo ni marehemu. Na bibi yake ako hapa."

Fredy alimtazama Irene. Barakoa ilikuwa imemla uso wote. Aliyaona macho tu, na macho yalikuwa na maji, lakini maji ya nini, asingeweza kuapa. Nimeharibu, alijiambia. Nimemuua mara ya pili.

"Si hivyo," Irene alisema.

"Nisamehe, shemeji, mimi..."

"Nimesema si hivyo. Hakuwa anafuta kiti kwa leso. Leso ilikuwa ya kanisani, haichafuliwi." Akaja mpaka kwenye nguzo, akamsukuma Fredy kando kwa nyonga. "Alifuta kwa mkono wa koti. Hivi. Halafu akirudi nyumbani ananiambia ni vumbi la ofisini." Akafuta kiti kwa mkono wa koti lile lile, kwa haraka, huku akiangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, na alikuwa Eliudi mtupu. "Na bia hakuitazama kwenye mwanga. Alikuwa akienda chooni anaweka alama kwa kucha kwenye lebo. Alisema kuna Mchaga mmoja anamwibia."

"Nilikuwa namwibia!" Fredy alipiga kelele. "Kila Jumamosi!"

Baa ikapasuka. Mzee Laurean alipiga meza kwa mkongojo. Irene alikuwa ameinama, ameshika tumbo, mabega yanaruka, na barakoa ilikuwa inaingia na kutoka mdomoni kwa kicheko ambacho mtu hawezi kukiigiza. Fredy alikuwa na furaha ya kutaka kupaa. Akaung'oa utepe wa njano, akajitupa kwenye kiti cha Eliudi, akakunja mikono kifuani.

"Sitoki!"

"Fredy, toka," Ghati alisema. "Kiti hicho kikikaliwa tumezidi mmoja."

"Niko kaburini. Sitoki mpaka nigombolewe."

"Nilipe mbuzi?" aliuliza Cheruiyot, ambaye sasa alikuwa hajui acheke au akimbie.

"Si wewe. Mfiwa."

Wote wakamgeukia Irene. Alifuta macho, akaushusha mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kifurushi cha foili kilichokandamizwa mpaka kikawa bapa. Fredy alidhani ni cha kwake, kilidondoka Irene akakiokota. Akapapasa mfuko. Cha kwake kilikuwapo.

"Hizi ni za Jumamosi ile ya mwisho," Irene alisema. "Alirudi nazo. Nimeshindwa kuzitupa. Hata koti nimeshindwa kufua."

Akaifungua foili polepole. Karanga zilikuwa zimesinyaa, zimekuwa nyeusi. Akachagua punje moja, akamnyooshea Fredy, na sauti iliyotoka nyuma ya barakoa ilikuwa ya puani:

"Moja moja, Mchaga. Si shamba la baba yako."

Fredy alishusha barakoa, akaipokea, akaitia mdomoni. Ilikuwa chungu kuliko dawa yoyote aliyowahi kumeza. Akaitafuna mpaka ikaisha. Alikuwa amejiahidi kwamba halii, kazi yake si kulia, lakini machozi yalimshuka hadi kidevuni na hakuyafuta. Akainuka kutoka kwenye kiti. Kifungo cha suruali, kilichovumilia tangu mchana, kikaruka na kugonga nguzo.

"Nimegombolewa," alisema, suruali mkononi.

Irene alicheka tena, safari hii huku analia, akaifunga foili na kuirudisha mfukoni. Kisha akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa bado wamesimama, wengine na glasi, wengine wameshikana mikono bila kujijua.

"Ghati, mbona hupulizi?" aliuliza. "Puliza, watu wakae. Tumeshazika. Halafu niletee bia, moja tu, na huyu Mchaga asikae karibu nami."

Ghati akapuliza. Kwa kuwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, filimbi ilitoa sauti ya kuku anayekabwa, na hakuna aliyekaa. Ikabidi apulize mara ya pili.